Dada wa Ifakara Kala Bata Nchi Tatu Peke Yake, Povu la Nini Sasa?

Klipu yenyewe haifiki hata dakika moja. Mdada kavaa gauni jeusi na raba nyeupe, yuko katikati ya watu ndani ya klabu moja ya Kampala, mikono juu, macho kafumba, anacheza. Hakuna mwanaume pembeni. Hakuna shoga wa kumshikia pochi. Chini kaandika: “Mtoto wa Kibaoni, usiku wa pili Kampala, nalipa mwenyewe.” Basi. Hayo tu.

Klipu ikafika Ifakara kabla mwenyewe hajarudi gesti. Wana wa Kibaoni wakairusha kwenye magrupu, Mlabani wakaipokea, Viwanja Sitini wakaiongezea chumvi. Kufika asubuhi kesi ilishahukumiwa: eti kaenda kujiuza, eti kuna mbaba anamlipia, eti ndo maana kaacha biashara ya mchele. Kuna mmoja akafanya kabisa la kufanya, akaichukua ile klipu akaenda nayo kwenye jumuiya anakosali mama wa huyo dada, akamwekea simu usoni mbele ya watu. “Mama, huyu si wa kwako?”

Wadau, hapo ndipo povu lilipovuka mpaka. Tuiweke sawa hii stori, maana wengi wanaomsema hawajui hata alikuwa anaelekea wapi.

Alikuwa anaaga, si anapotea

Huyu dada ana miaka 26. Tangu amalize kidato cha nne kazi yake ni mchele. Mtu wa bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa: mavuno yakianza bei ya mpunga inalala, mwenye mtaji ananunua na kuhifadhi, bei ikiamka anakoboa, anapakia, anapeleka Dar. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake. Hakuna mbaba. Kuna magunia.

Mwaka jana akapata kazi ya hoteli Dubai. Mkataba ukaja, tarehe ya kuondoka ikawekwa, akabakiwa na wiki kama sita. Wenzake wengi wakipata nafasi kama hiyo wanazimaliza wiki zile kwa kununua mabegi na kuzunguka kuaga ndugu. Yeye mashangazi aliwaaga, halafu akapanda basi: Dar, Arusha, Namanga, Nairobi. Kutoka Nairobi basi la usiku mpaka Kampala. Kutoka Kampala mpaka Kigali. Kurudi akapitia Rusumo, Kahama, Singida, Dodoma, akaangukia Morogoro, akakata kona pale Mikumi kuelekea nyumbani.

Pasi alishaikata kwa ajili ya Dubai, ile ya shilingi 150,000. Nchi hizi tatu ni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mtanzania halipii viza. Kwa hiyo gharama ilikuwa nauli, gesti, chakula na hizo bata zenyewe.

Alipoulizwa kwenye laivu yake kwa nini asingetulia tu nyumbani akasubiri ndege, alijibu sentensi moja ambayo waliomwaga povu wameiruka: “Sikutaka siku ya kwanza kuwa peke yangu iwe Dubai.”

Isome tena taratibu. Huyo si mtu aliyechanganyikiwa. Huyo ni mtu anayefanya mazoezi.

Nairobi: mchele umebadilika jina

Usiku wa kwanza alitoka Westlands. Taa, mziki, watu wamependeza, kila mlango una mabaunsa wawili. Kakaa meza moja na vijana wa pale, stori zinaenda, mmoja akamuuliza anafanya kazi gani. Dada akajibu kwa kujiamini kabisa: “Nauza mchele.”

Meza ikanyamaza. Jamaa mmoja akavuta glasi yake karibu na kifua.

Kumbe kwa mtaa wa Nairobi, “kuwekewa mchele” ni kutiliwa dawa kwenye kinywaji mpaka unazima, unaamka huna simu wala pochi. Na wadada wanaofanya kazi hiyo wameitwa mapishori, jina la mchele wao wa Mwea. Sasa mtoto wa Ifakara, kwao mchele ni heshima, anatangaza mbele za watu kwamba yeye ndiye muuzaji! Ilibidi afungue simu awaonyeshe picha za magunia na mashine ya kukoboa. Wakacheka mpaka machozi. Wakamnunulia soda.

Ila baada ya kicheko wakamfundisha. Chupa ifunguliwe mbele ya macho yako. Glasi isitoke mkononi. Ukienda chooni ukirudi usiiguse ile uliyoiacha, agiza nyingine, hasara ya kinywaji ni ndogo kuliko hasara ya figo. Masomo hayo Ifakara hakuna aliyewahi kumpa, si kwa sababu Ifakara hakuna watu wabaya, ila kwa sababu kwetu binti haelezwi namna ya kutoka usiku. Anaelezwa asitoke. Mazungumzo yanaishia hapo.

Kampala: tatizo lilikuja linaongea Kibongo

Kampala ndiyo ilikotoka ile klipu. Ule mji ulijua njaa ya usiku. Corona ilipoingia Machi 2020 baa na kumbi zikafungwa, na starehe za usiku hazikurudi rasmi mpaka 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Ndo maana watu wa kule wakitoka wanatoka kweli, na Kabalagala inakesha mpaka wauza rolex, zile chapati za kuviringishia mayai, wanakuwa ndiyo kifungua kinywa.

Sasa sikilizeni hii. Siku tatu zote za Kampala, Mganda hakumsumbua. Aliyemsumbua ni Mbongo mwenzake.

Jamaa alimsikia lafudhi, akaja na “aisee dada wa nyumbani”, akajikaribisha. Bila kuulizwa akaagiza bia mbili zikaletwa mezani kwa dada. Saa tisa usiku jamaa akaanza kudai. Eti “tunaondoka wote”, eti “umekunywa vyangu”. Sauti inapanda, mkono umeshika mkono wa mwenzake.

Dada hakupiga kelele, hakutukana. Akamwita mhudumu, akauliza bia mbili bei gani, akahesabu shilingi za Uganda mbele ya yule jamaa, akaziweka mezani. “Kaka, asante. Sasa hunidai.” Akatoka mpaka pale mlangoni kwenye mwanga, akachukua bodaboda, namba ya pikipiki akaituma kwa shoga yake Ifakara kabla hajapanda.

Wale waliosema “analipiwa”, hapo mnasemaje? Mtu kalipia hata bia ambazo hakuziomba ili asidaiwe.

Kigali: mziki ukizima

Kigali ni habari nyingine. Tangu 1 Septemba 2023 serikali ya kule iliweka saa za kufunga starehe: siku za kazi saa saba usiku, Ijumaa na Jumamosi saa nane. Wengine watasema bata gani hiyo. Yeye alikaa Nyamirambo, mtaa wenye watu wengi wanaopiga Kiswahili, akala mishikaki na ndizi, akacheza, na saa nane ilipofika mziki ukazimwa, taa zikawashwa, watu wakaondoka kwa utaratibu kama wametoka ibadani. Akapanda pikipiki, akavalishwa kofia ngumu, akafika gesti salama.

Na ni huko huko kwenye mji uliotulia ndiko alikolia.

Hili nalo alilisema mwenyewe, na hakuna aliyelirusha kwenye magrupu. Alikaa kitandani saa tisa usiku, hana wa kumsimulia, bando limekata, na ndipo akaelewa kwamba mwezi unaofuata maisha yake yote yatakuwa hivyo. Si klabu ndiyo iliyomtisha. Ni ule ukimya wa baada ya klabu. Akalia mpaka usingizi ukamchukua. Asubuhi akaamka, akanunua bando, akampigia mama yake.

Mtu aliyelia Kigali, akiwa na nauli ya kurudi mfukoni na mpaka wa nyumbani uko mbele yake, ana nafuu kubwa kuliko yule anayelia kwa mara ya kwanza Dubai akiwa na mkataba wa miaka miwili.

Tuulizane ukweli

Kila mwaka mabinti wa Kitanzania wanapelekwa Ghuba kufanya kazi za ndani. Wengine hawajawahi hata kulala gesti peke yao. Wanachukuliwa na dalali, wanasindikizwa uwanja wa ndege, na kule wanapokelewa na mtu wasiyemjua. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Emirates: pasi zinachukuliwa na mwajiri, mishahara inakatwa au hailipwi, kazi kutwa nzima bila kupumzika, wengine kupigwa na kudhalilishwa. Haya si maneno ya mtaani, wahusika walihojiwa.

Sasa binti anapoondoka na dalali, anakabidhi pasi na hajui hata mtaa anaokwenda, mtaa wetu unasemaje? Unasema kapata bahati. Unachinja kuku. Unamwombea.

Binti mwingine anakwenda Kampala kwa hela yake, pasi iko kwenye pochi yake, tiketi ya kurudi anayo, anacheza nyimbo tatu na kulala. Huyo ndiye anaitwa malaya.

Yaani tunamwogopa aliyeshika usukani na kumpigia makofi aliyefungwa kwenye buti. Hesabu gani hiyo?

Na tusijifanye Ifakara haijui usiku. Mpunga ukiuzwa, nani asiyejua baa zinavyojaa? Shuka Ruaha na Mkamba kule kwenye miwa siku ya mshahara uone wanaume wanavyomaliza hela ya msimu kwa usiku mmoja, halafu Jumatatu wanakopa unga. Hao hawapelekewi klipu kwa mama zao. Hao wanaitwa “mwamba”. Wazee nao wakianza kusimulia ngoma za sangula za enzi zao, watu wanakesha mpaka jogoo, wanasimulia huku wanatabasamu. Kumbe kukesha si dhambi. Dhambi ni kukesha ukiwa mwanamke, mbali na nyumbani, na bili umelipa mwenyewe.

Ila na yeye ana makosa yake

Haki bin haki. Kumtetea si kumfanya malaika.

Kosa la kwanza, alikuwa anaposti jina la mahali alipo akiwa bado yupo pale pale. Hiyo ni kumpa ramani kila mwenye nia mbaya. Yule Mbongo wa Kampala kama angekuwa anamfuatilia Insta wala asingehitaji kubahatisha. Posti ukishaondoka, dada. Au ukishavuka mpaka kabisa.

Kosa la pili, lile la bando kukata. Kati ya Kampala na Kigali alipotea hewani karibu siku mbili. Shoga yake Ifakara alikuwa na namba ya bodaboda na hana habari nyingine. Huyo mtu alikaa siku mbili hali hajui kama aende polisi au asubiri. Ukisafiri peke yako haina maana kwamba wasiwasi ni wako peke yako.

Kosa la tatu, ile “nalipa mwenyewe” aliyoiandika ilikuwa na kijembe ndani yake, na kijembe kinarudishiwa kijembe. Hilo hata yeye analijua.

Lakini wadau, makosa yote matatu ni ya usalama na busara. Hakuna hata moja linalofanana na yale aliyotuhumiwa.

Kilichotokea Dubai

Alipofika, siku ya pili, mtu wa ofisi iliyompeleka akakusanya pasi za wasichana wote waliofika pamoja. “Zitakaa ofisini kwa usalama.” Wenzake wakatoa. Wako mbali na kwao, wamechoka, mtu kavaa tai anaongea kwa upole, utamkatalia vipi?

Yeye akasema hapana. Akasema nakala atatoa, hata kumi, ila pasi yenyewe inabaki kwake. Sheria ya Emirates iko upande wake, mwajiri haruhusiwi kushikilia hati za mfanyakazi. Ila sheria ikiwa kwenye karatasi na wewe uko kwenye korido na mtu amekunyooshea mkono, sheria haisemi. Unasema wewe. Wakamnunia, kazi akaanza siku kadhaa nyuma ya wenzake, na siku hizo hakulipwa. Lakini pasi anayo.

Kwenye laivu yake ya mwisho aliulizwa ujasiri ule aliutoa wapi. Akacheka, akasema yule jamaa wa ofisini aliongea kama yule Mbongo wa Kabalagala: anakuletea wema usioomba, halafu anakudai.

Wale wenzake wawili sasa wanamuuliza namna ya kuzirudisha za kwao.

Na mama je?

Turudi kwenye ile jumuiya. Mama wa watu kawekewa simu usoni, mtoto wake anacheza klabu, wamama wote wamekaza macho wanasubiri aanguke. Waliokuwepo wanasema aliitazama klipu mpaka mwisho, akaomba airudie. Halafu akasema mtoto huyu alipokuwa na miaka 12 walikuwa shambani msimu mzima, mchana akiamia ndege, usiku akilala dunguni peke yake anapiga debe kufukuza nguruwe, kwa sababu baba yake alikuwa mgonjwa na yeye mama alikuwa hospitali anamuuguza. Giza totoro, viboko wako mtoni. “Mbona mwaka ule hakuna aliyekuja kuniuliza mwanangu yuko na nani usiku?”

Akarudisha simu kwa mwenyewe. Wakaendelea na sala.

Watu wanasema wiki mbili zilizofuata hakuonekana jumuiya. Kwa hiyo msidhani hakuumia. Jibu alikuwa nalo, na bado aliumia. Hiyo ndiyo bei ya klipu uliyoirusha kwa kujifurahisha: anayelipa ni mwanamke mzee ambaye hata Insta hana.

Kwa wadada mnaojipanga

Kuna wengi wanaosoma hapa wana tarehe ya kuondoka. Doha, Muscat, Dubai, wengine Ulaya. Si lazima uende klabu. Kama hupendi kelele, nenda hata Mbeya ulale siku tatu peke yako. Ila kabla hujaenda kuishi ugenini, jaribu ugeni kwanza kwa hela yako, mahali ambapo ukishindwa unaweza kupanda basi ukarudi. Nauli ya kurudi itenge isiguswe, hata njaa ikuume. Mtu mmoja nyumbani ajue unalala wapi, kila siku. Kinywaji chako kilipe wewe na kishike wewe. Kazi ya nje itafute kwa wakala aliyesajiliwa, TaESA wapo, waulize. Na pasi yako, dada yangu, pasi yako isitoke mkononi kwa sababu ya tai ya mtu.

Na nyie wana wa magrupu, mkipata klipu nyingine ya mtoto wa Kibaoni anacheza, itazameni mkimaliza muifute. Anacheza tu. Sasa semeni, binti yako au dada yako akikuambia anataka kwenda Kampala wiki moja peke yake kabla ya kwenda Dubai, utamwambia nini?